Kuwa fiti hakukukingi na ugonjwa wa mlimani

Watu wengi hapa Nairobi huniambia Mlima Kenya ni wikendi tu, eti tunaishi mita 1,700 na kitu na wanakimbia Karura kila Jumamosi kwa hivyo mwili ushazoea. Jamani, hapana. Mazoezi yanasaidia miguu na pumzi ya kupanda, lakini kichwa kuuma na kutapika kunaletwa na kupanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea hewa nyepesi, na kule Lenana, kilele wanachofika wapandaji wengi wa Mlima Kenya, mita 4,985, oksijeni unayovuta ni kama nusu ya ile ya Mombasa.

Rafiki yangu, mkimbiaji kabisa, tulimkuta Shipton's, kambi iliyo chini ya vilele, asubuhi ameshika kamba za kiatu na hajui aanzie wapi, ugonjwa wa mlimani ulishamvuruga akili. Tulimshusha hapohapo.

Ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Sasa angalia Sirimon, mojawapo ya njia za kupanda: kambi ya kwanza, Old Moses, ni mita 3,300, inayofuata, Shipton's, 4,200, yaani mita 900 kwa siku moja! Ndio maana naomba sana muongeze siku, mlale Old Moses mara mbili, mchana mpande kidogo halafu mrudi.