Ununuzi wa Uchunguzi: Maana Yake na Unavyofanyika

Ununuzi wa uchunguzi ni desturi ya kukichunguza kitu kabla ya kukilipia, kwa nia ya kuwa na vitu vichache vinavyodumu badala ya vingi vinavyobadilishwa kila mara. Msingi wake ni kwamba bei ya dukani si gharama kamili, kwa kuwa gharama hutegemea pia muda ambao kitu kitatumika na matengenezo yake. Tuseme feni ya shilingi 35,000 huungua baada ya mwaka mmoja, na nyingine ya shilingi 90,000 hudumu miaka sita: ya kwanza humgharimu mwenye nyumba shilingi 35,000 kwa mwaka, na ya pili 15,000.

Kwa mkazi wa Tanga, uchunguzi huanza na bahari. Upepo wake hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu, hivyo bati au bawaba ambayo ingestahimili miaka mingi Dodoma yaweza kuharibika mapema katika nyumba iliyo karibu na Raskazone. Mnunuzi wa bati afahamu kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 30, kwani namba ikipanda unene hupungua. Hata hivyo unene peke yake hautoshi, kwa sababu kinachochelewesha kutu ni tabaka la zinki, ambalo huliwa kwanza na hivyo kukilinda chuma kilicho chini yake. Unene na tabaka ndivyo vya kuulizia kabla ya rangi, ingawa madukani rangi ndiyo husifiwa kwanza.

Wa kuulizwa kwanza ni fundi, kabla ya muuzaji. Fundi wa umeme pale Ngamiani hufungua feni zilizoungua, hivyo anajua mota ipi imesukwa kwa waya wa shaba na ipi kwa alumini, na vipuri vipi hupatikana mjini bila kuagizwa Dar es Salaam. Waya wa alumini hupata joto zaidi kuliko wa shaba wenye unene uleule, jambo lenye uzito kwa feni inayozunguka usiku kucha wakati wa kaskazi. Alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nayo itazamwe, lakini ieleweke kwamba huthibitisha kukidhi kiwango kilichowekwa, wala haisemi kuwa bidhaa hiyo inazishinda nyingine.

Si haki kumlaumu mwenye kipato kidogo anaponunua cha bei ya chini, kwani mara nyingi anajua fika kwamba hakitadumu. Anachokosa ni fedha za mkupuo mmoja. Ndiyo maana mchezo wa kina mama, yaani kuchangiana fedha kwa zamu, una nafasi kubwa katika suala hili: zamu ikifika, mtu hupata kiasi cha kununulia kitu kilicho imara.

Uchunguzi nao hula muda. Kibiriti na sabuni havihitaji kuhangaikiwa. Godoro, jiko la gesi na bati vinastahili wiki nzima ya kuulizia.