Nini maana ya kusawazisha haki?

Kusawazisha haki ni kuamua la kufanya pale haki mbili zinapokutana kwenye njia nyembamba na kila moja ni halali. Hatafutwi mshindi. Linaloulizwa ni hili: kila haki ibanwe kiasi gani bila kuvunjwa?

Tuseme watu wa Tanga wanataka kuandamana asubuhi ya siku ya kazi, kutoka Ngamiani hadi viwanja vya Tangamano. Ibara ya 20 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inawapa uhuru wa kukutana kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Sheria inawataka tu wawape polisi taarifa saa 48 kabla. Saa hizohizo watoto wako darasani, madirisha wazi, nao wana haki ya kusoma. Kupiga marufuku ni rahisi, lakini si kusawazisha. Msafara unaweza kupita mtaa mwingine, au spika zikazimwa karibu na shule. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilisema sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kiholela, wala isibane kupita kiasi kinachohitajika.

Mgomo wa walimu ni mgumu zaidi, kwa sababu nguvu yake yote iko kwenye darasa lisilo na mwalimu. Mwishoni mwa Julai 2012 walimu waligoma nchi nzima wakidai nyongeza ya mshahara na posho, na siku chache baadaye mahakama ikausimamisha mgomo. Nakumbuka daftari la mtoto wa jirani yetu Ngamiani: tarehe kaiandika vizuri, kaipigia mstari kwa rula, chini yake hakuna kitu. Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Siwalaumu walimu wale, maana njaa ya mwalimu nayo huingia darasani. Ila vipindi vile vilipaswa kufidiwa, hata kwa Jumamosi, na kufidia ni sehemu ya kusawazisha.

Kuna jambo linaloniuma. Haki ya elimu imo kwenye ibara ya 11, na ibara ya 7 inasema masharti ya sehemu ya Katiba yenye ibara hiyo hayatiliwi nguvu na mahakama. Mwandamanaji anaweza kuishika ibara ya 20 akaenda nayo kwa jaji wa Mahakama Kuu. Mtoto hawezi kufanya hivyo na ya 11. Mizani inaanza ikiwa imelala upande mmoja.

Na mtoto huyohuyo anayo haki ya kukusanyika kwa amani, kwa ibara ya 15 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989. Wakati wa mgomo ule, sehemu kadhaa za nchi, wanafunzi waliingia barabarani na sare zao kudai walimu warudi darasani.