Wizi wa bima ya afya hauanzii kwa mgonjwa

Wengi Uganda huamini kwamba bima ya afya huliwa na wagonjwa wanaoazimana kadi. Wapo, lakini hela nyingi huweza kupotelea kwenye fomu ya madai, ile ambayo hospitali huijaza ili ilipwe na bima. Mtu mzima mwenye malaria isiyo kali hupewa vidonge 24 vya siku tatu, akaenda zake. Fomu ikaandikwa alilazwa siku mbili na kutundikiwa dripu. Hiyo huwezekana kwa sababu alitia saini fomu tupu.

Kwa wizi wa namna hii, sheria ya Marekani ya mwaka 1863 kuhusu madai ya uongo humbana anayedai malipo: hulipa fidia mara tatu ya hasara, pamoja na faini.

Uganda bado tuna nafasi ya kujipanga. Muswada wa bima ya taifa uliopitishwa na Bunge mwaka 2021 haukuwa sheria. Hata hivyo, Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa ya 2010 ipo, na humpa mtoa taarifa asilimia 5 ya fedha zilizorejeshwa. Kabla ya kusaini fomu yoyote, soma tarehe, vipimo, dawa na siku za kulazwa.