Soketi ya hita ya maji iliyojificha: ipime ukiwa mbali kabla ya kung'oa kabati

Kwenye kampa, yaani gari lenye kitanda, jiko na maji yake, hita ya maji hufungwa mapema, kabla ya makabati. Ndiyo maana soketi inayoilisha huishia nyuma ya tangi, au kwenye upenyo kati ya kifuniko cha tairi na ukuta, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti. Siku maji yakitoka baridi, mwenye gari huchukua bisibisi na kuanza kufungua mbao. Mimi hufanya kazi ya umeme wa magari haya, na jambo la kwanza ninalomwambia mteja ni aziache mbao zake. Waya unaokwenda kwenye soketi ile unaanzia kwenye boksi la breka, yaani zile swichi zinazojikata zenyewe kukiwa na kosa, na boksi unalifikia. Mengi unayotaka kujua utayajua hapo.

Kabla ya hata kushika mita, tafuta soketi nyingine zote za gari. Magari mengi, hasa ya mfumo wa volti 120, yana soketi moja yenye vitufe viwili, cha kupima na cha kurudisha, iliyofungwa jikoni au karibu na bafu. Soketi kadhaa huweza kulishwa kupitia hiyo, na ya hita ikiwa mojawapo. Kitufe kikiwa kimeruka, hita imekufa na breka zote zinaonekana nzima. Bonyeza kurudisha, jaribu tena. Hita nyingine zina kitufe chao cha usalama pia, kinachojikata maji yakizidi moto, na mara nyingi kiko chini ya kifuniko cha mpira upande wa mbele.

Hapo pakiwa salama, zima umeme, tena kweli kweli. Kuchomoa kebo ya nje hakutoshi. Gari likiwa na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, tena ya kujiwasha yenyewe, umeme wa nje ukikatika tu inveta inashika zamu, na waya uliodhani umekufa unakuwa hai kabla hujainama. Zima inveta, kisha ikate na betri. Halafu hakikisha kwa mita: pima kwanza mahali unapojua pana umeme, pima waya wako, rudi upime pale penye umeme, ili ujue mita yenyewe haikudanganyi. Ile kalamu inayolia bila kugusa waya siitumii kuamua jambo hili. Hulia kwa waya mfu uliolala kando ya waya hai, na siku nyingine hunyamaza penye hatari.

Sasa kipimo chenyewe. Chomoa laivu na nyutro za hita, yaani waya unaoleta umeme na unaourudisha, kutoka kwenye boksi, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, pima kati ya nyaya hizo mbili. Hesabu ni volti zidisha volti, gawa kwa wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha hita. Hita ya wati 1300 kwa volti 230 inatakiwa isome karibu omu 41. Ya wati 1440 kwa volti 120, omu 10. Ukipata namba hiyo, umemaliza kazi kubwa bila kugusa mbao: kebo haijakatika, plagi imeingia, elementi, yaani koili inayopasha maji, ni nzima. Tatizo lako liko upande wa pili, kwenye breka au chanzo cha umeme.

Mita isiposoma kitu, usiilaumu soketi papo hapo. Maji yakiwa bado ya moto, themostati, swichi inayokata umeme maji yakishapata moto, imefunguka na ni lazima mita isome hivyo, kwa hiyo pima maji yakiwa baridi na swichi ya hita ikiwa imewashwa. Pia hita zinazoendeshwa na kibao cha elektroniki cha volti 12 huwa na rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo haifungi mpaka kibao kipate umeme wake na kutoa amri. Kwa hizo kipimo hiki cha omu hakisemi lolote. Rudisha nyaya, washa, tumia mita ya kubana, ile inayozunguka waya bila kuukata, kwenye laivu uone kama ampea zinapita.

Breka ya kuvuja umeme, ile mafundi huiita RCD, ikiwa ndiyo inayoruka, chomoa nyaya zote mbili za hita, si laivu peke yake. Nyutro inayogusa athi, waya wa usalama wa ardhini, huweza kuirusha hata kama breka ndogo ya hita imezimwa. RCD ikishika baada ya hapo, kosa liko kwenye njia ya hita. Mara nyingi ni elementi: ndani yake mna unga mweupe wa magnesi oksaidi unaofyonza unyevu gari likikaa muda mrefu bila kutumika. Lakini tazama chini ya valvu ya usalama pia. Nimekuta valvu inadondosha maji juu ya soketi moja kwa moja, na aliyeifunga hapo nina maneno naye.

Wapo wanaosema, "Kwenye inveta inafanya kazi, kwenye umeme wa nje inaruka, basi umeme wa nje ni mbovu." Hapana. Inveta ambayo nyutro yake haijaunganishwa na athi huunyima uvujaji njia ya kurudi, kwa hiyo RCD haioni kitu. Kosa lipo pote pawili.

Kosa ambalo boksi halitakuonyesha ni muungano uliolegea ndani ya soketi yenyewe. Gari hutikisika, skrubu hulegea, na kama fundi alitumia waya mgumu wa nyumba badala ya waya laini wenye nyuzi nyingi, hulegea upesi zaidi. Nusu omu tu pale, kwa ampea 12, ni wati 72 za joto ndani ya kiplastiki kisicho na hewa. Mita ya kawaida haiioni nusu omu hiyo vizuri, kwani waya zake zenyewe zinakaribia hapo. Washa hita kwa dakika ishirini hivi, weka kiganja kwenye ubao wa karibu, unuse. Kisha zima tena na upitishe kamera ndogo ya shingo ndefu kwenye tundu la taa au la bomba. Unachotafuta ni doa la rangi ya chai kuzunguka tundu moja la soketi, nyeusi kidogo katikati, na ganda la waya lililong'aa na kukauka. Ukiliona, sasa ng'oa kabati. Usikaze skrubu na kuondoka: kata waya mpaka kwenye shaba inayong'aa, banisha kikofia cha chuma kwenye ncha ya nyuzi, weka soketi mpya.

Na ukishafika huko, usiirudishe soketi gizani. Vuta kebo mpaka nyuma ya droo au chini ya kiti, weka muungano kwenye boksi lenye kifuniko, na swichi inayokata laivu na nyutro pamoja, yenye taa. Acha kitanzi cha kebo ya ziada ili hita iweze kuvutwa nje siku nyingine bila kukata kitu.

Kabla ya kuwasha, jaza tangi. Elementi ikipata umeme bila maji huungua haraka sana. Fungua bomba la moto mpaka litoe maji bila kukohoa hewa, washa, soma mita ya kubana: kwa ile hita ya wati 1300, ampea 5 na nusu hivi. Ukiziona, funga mbao.