Kwa nini roboti ya kuwaliwaza wazee ina sura ya sili, si paka?

Katika baadhi ya nyumba za kutunzia wazee huko Japani, Denmark na Marekani, si ajabu kumkuta bibi wa miaka 80 amepakata kiumbe mweupe wa manyoya, mwenye macho makubwa meusi, anayefumba jicho kila anapopapaswa. Anaitwa Paro. Ni roboti, na sura yake ni ya mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini anayezalia juu ya barafu. (Ona ngeli zilivyoniponyoka: nimeandika "anaitwa", si "inaitwa". Tutarudi hapo.)

Lakini kwa nini sili? Ni mzee gani aliyewahi kufuga sili?

Karibu hakuna, na sababu ndiyo hiyo. Muundaji wake, mhandisi Takanori Shibata wa taasisi ya utafiti ya AIST ya Japani, alianza kazi hii mwaka 1993, na sili hakuwa wa kwanza kufikiriwa. Yalijaribiwa maumbo ya mbwa na paka. Taabu ni kwamba mtu aliyeishi na paka anamjua paka. Mpe wa kutengenezwa, atamkagua papo hapo: mbona mkia haupindi, mbona hachomoi kucha, mbona hashtuki mlango ukigongwa? Kila kasoro ndogo inamkumbusha kwamba anachezewa. Sili sote tumemwona pichani tu. Tunajua kwamba anapendeza, basi. Hatuna cha kumlinganisha nacho, kwa hiyo tunampokea alivyo.

Mjapani mwingine, mtaalamu wa roboti Masahiro Mori, alikwisha kuligusa jambo hili mwaka 1970. Alisema kadiri roboti inavyofanana na binadamu ndivyo tunavyoipenda, mpaka ifike mahali ambapo inakaribia kabisa kuwa mtu lakini bado si mtu. Hapo mapenzi yanaporomoka ghafla, tunaanza kuiogopa kama maiti inayotembea. Mporomoko huo aliuita bonde. Paro hakulivuka bonde hilo. Alikaa mbali nalo.

Kwa watu wa pwani yetu, nadhani hata nguva asingefaa, ingawa naye ni mpole na mnene vilevile. Nguva ana visa vyake, nusu mtu nusu samaki, na bibi wa Lamu akiwekewa mapajani huenda akaanza kusoma dua. Sili kwetu hana kisa chochote.

Sura hiyo imerahisisha pia suala la usalama. Sili akiwa nchi kavu hatembei vizuri, hivyo hakuna anayeshangaa kuona Paro hatembei. Hana magurudumu ya kumkwaza mzee, hana mikono ya kubana kidole. Anageuza shingo, anatikisa mapezi na mkia, anapepesa macho. Ana uzito wa kama kilo 2.7, sawa na mtoto mchanga, na bila shaka hilo si bahati: mikono ya mtu mzima inajua uzito huo ni wa kupakatwa. Manyoya yake yametiwa dawa ya kuzuia bakteria kwa sababu anapita mikononi mwa wengi. Hata chaja yake imeundwa kama chuchu ya bandia ya kunyamazishia watoto. Ukimchaji, anaonekana ananyonya.

Chini ya manyoya kuna vihisio vya mguso, mwanga, sauti, joto na mkao wa mwili. Akiitwa anageukia sauti inakotoka. Akipapaswa baada ya kufanya jambo fulani, atalirudia, akipigwa, ataliepuka. Analia kwa sauti iliyotokana na milio ya watoto halisi wa sili wa Kanada, wala hasemi neno lolote la binadamu. Hakuna kitufe cha kukumbuka wala menyu ya kusoma, jambo kubwa kwa mtu mwenye dimensia, yaani maradhi ya kusahau, ambaye maneno yameanza kumtoroka. Kumpapasa anajua bado.

Paro aliingia sokoni Japani mwaka 2005, na mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ikamtambua kuwa kifaa cha tiba. Bei yake imekuwa ikitajwa kuwa kama dola 6,000.

Je, anasaidia kweli? Huko Queensland, Australia, watafiti waligawa wazee 415 wenye dimensia, kutoka vituo 28, katika makundi matatu. La kwanza lilipewa Paro anayefanya kazi, la pili Paro aliyezimwa, akawa mdoli tu, na la tatu likaendelea na huduma ya kawaida. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yanahitaji kusomwa bila ushabiki. Ikilinganishwa na huduma ya kawaida, Paro aliboresha hali ya wazee na kupunguza fadhaa. Ikilinganishwa na mdoli, alishinda katika jambo moja tu: wazee walimtazama na kumsemesha zaidi.

Wapo wanaouliza kama si ulaghai kumpa mgonjwa wa kusahau mashine aidhanie mnyama. Mimi kinachonitia shaka zaidi ni mhudumu anayemweka Paro mapajani mwa mzee kisha akaondoka zake. Huyo Paro hutumika vizuri zaidi mtu mwingine akiwa amekaa karibu, akiuliza, "Bibi, umempa jina gani huyu?" Na angalia tena ngeli: hakuna anayeuliza "umeipa jina gani hii".