CD45 si breki ya seli T

"Kinasi huwasha, fosfatasi huzima." Sentensi hii hairuki slaidi wala ripoti ya maabara, na kwenye seli T, chembe nyeupe za kinga, inapotosha. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini, fosfatasi ni kile kinachoibandua; CD45 ni fosfatasi iliyo kwenye uso wa seli hizo.

Tazama Lck, kinasi inayoanzisha ishara ndani ya seli T. Tairosini zake mbili, asidi amino zinazobandikwa fosfati, ndizo zenye kesi: ile ya nafasi ya 394 na ya 505. Fosfati ikikaa kwenye 505, mkia hujikunja ukanaswa na SH2, sehemu ya Lck hiyohiyo inayoshika tairosini yenye fosfati, kimeng'enya kikafungwa. Inayoiweka fosfati hiyo ni Csk, nayo ni kinasi. Inayoiondoa ni CD45, fosfatasi. Seli T za maabara ziitwazo Jurkat, tawi la J45.01 lililopoteza CD45, ukizichochea kupitia kipokezi cha antijeni huitikia kwa shida. Mtoto anayezaliwa bila CD45 hupata upungufu mkali wa kinga. Breki gani hiyo, ukiing'oa gari linagoma kuondoka?

Wala usikimbilie kuiita swichi. CD45 hiyohiyo huondoa fosfati ya 394, ambayo Lck huihitaji ili ifanye kazi kwa nguvu, na hufuta fosfati za ITAM, vipande vya mikia ya kipokezi ambavyo Lck huvibandika fosfati. Kinachoamua ni kiasi chake na mahali ilipo. Kipokezi kikishika antijeni, utando wa seli mbili husogeleana hadi nanomita 15 hivi. Sehemu ya nje ya CD45 ni ndefu mno kwa pengo hilo, basi husukumwa pembeni, na Lck iliyobaki katikati huandika bila kufutiwa. ZAP-70, kinasi inayofuata, hudaka ITAM yenye fosfati mbili. LAT, protini inayopeleka ishara mbele, na kalsiamu hufuata.

Vitabu huchora Lck ikiamshwa na antijeni. Kuna vipimo vilivyokuta karibu 40% iko hai tayari kwenye seli iliyotulia, vingine vikakuta pungufu ya hapo, na ubishi haujaisha. Upimaji wenyewe unachangia, maana seli ikishapasuliwa fosfatasi haziachi kazi. Bafa ya kupasulia seli iwe ya baridi ya barafu, yenye ortovanadati, kizuizi cha fosfatasi, milimola 1 kwa lita, iliyochemshwa kwenye pH 10 hadi unjano uishe. Ikibaki njano, molekuli zake zimeungana na haizuii ipasavyo. Usitie EDTA wala DTT, kemikali za kawaida za bafa, zote huiua nguvu. Utando wa blotu ya western, unaohamishiwa protini ili zipimwe kwa kingamwili, uzibe kwa albumini, si maziwa: kaseini imejaa fosfati. Na kingamwili ya tairosini 416 ya Src, kinasi ndugu, inayotumika kuonyesha 394 ya Lck, huishika Fyn pia, ndugu mwingine. Kabla hujaandika "Lck hai", ivute kwanza Lck peke yake kwa kingamwili yake, na pembeni uweke J.CaM1.6, Jurkat isiyo na Lck, uone ni mstari upi unaobaki.