Altrasaundi ya kichwa kwa mgonjwa aliyeumia ubongo: maswali na majibu

Swali: Altrasaundi si ya wajawazito? Kwenye kichwa inapitaje na fuvu ni mfupa?

Jibu: Ni kweli mfupa unazuia mawimbi ya sauti, lakini fuvu halina unene mmoja kila sehemu. Hebu gusa panja lako, hapo mbele ya sikio juu ya mfupa wa shavu, pana mfupa mwembamba, na mwaka 1982 Rune Aaslid na wenzake kule Uswisi walionyesha kwamba mawimbi ya megahezi 2 yanapenya hapo mpaka kwenye mishipa ya ubongo. Jeli ni ileile.

Swali: Kwa hiyo wanaona damu iliyovilia?

Jibu: Hapana, na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Hii inapima spidi ya damu kwenye mishipa mikubwa, damu iliyovilia inatafutwa kwa CT scan, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani kwa mionzi. Mtu kaanguka na bodaboda halafu anatapika, anasinzia ovyo au haeleweki anachoongea, jamani mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Swali: Sasa spidi ya damu inatusaidia nini?

Jibu: Ubongo ukiumia unavimba, fuvu halitanuki, basi presha inapanda humo ndani na damu inapata shida kuingia. Kwenye skrini unaona milima milima, kila pigo la moyo mlima mmoja, na kwa mtu mzima mwenye afya spidi ya wastani kwenye mshipa wa kati wa ubongo, mmoja wa ile mikubwa, ni kama sm 60 kwa sekunde. Presha ikipanda yale mabonde yanazidi kushuka huku vilele vinachongoka kama sindano, na hali ikiwa mbaya sana bonde linavuka chini ya mstari wa sifuri, yaani moyo ukipumzika damu inarudi ilikotoka. Hapo timu nzima inakimbia.

Swali: Kwa nini wasirudie tu CT?

Jibu: Mgonjwa wa ICU ana mashine ya kupumulia, mirija, dripu, kumsukuma mpaka chumba cha CT ni hatari yenyewe. Hii inaletwa kitandani, haina mionzi, inarudiwa hata mara kadhaa kwa siku. Ila kuna watu, hasa akina mama wazee, panja lao mfupa mnene mawimbi hayapiti, na mpimaji asiye na uzoefu akielekeza vibaya namba zinadanganya. Pia presha yenyewe ya ndani ya fuvu inakadiriwa tu, kuipima hasa mpaka kitobolewe kitundu kwenye fuvu.

Swali: Ndugu yangu kapimwa, nimuulize nini daktari?

Jibu: Muulize ya leo ikoje ukilinganisha na ya jana.